Kikohozi cha Wenseslaus

Hofu ya kwanza ilimpata Elisifa akiwa bado getini, kabla hajabeba chochote. Vijana walikuwa wamejazana kwenye uzio wa geti la Machame, la kupandia mlima, tangu kulipopambazuka, wengine na makoti ya mvua ya kuazima, wengine na kandambili, kila mmoja akitaka aonekane. Gari la kampuni ya utalii lilipofika, wote walilikimbilia.

"Bosi, mimi hapa!"

"Bosi, nilishapanda na wewe, umenisahau?"

Elisifa alisukumwa mpaka akabanwa kwenye nguzo. Alikuwa na stashahada ya uhasibu. Tangu amalize chuo alikuwa amezunguka na bahasha yake katika ofisi za Moshi mjini, akaenda Arusha, akaenda mpaka Holili kwa mawakala wa mizigo wa mpakani, na kila mahali aliambiwa kwa upole kwamba atapigiwa simu. Hakupigiwa. Nyumbani kwao, kwenye kihamba cha migomba na kahawa kule Nkwarungo, mama yake alikuwa ameacha kumuuliza habari za kazi. Kule kutoulizwa kulimuuma kuliko maswali.

Siku hiyo alipata nafasi kwa sababu mtu mmoja hakutokea. Mwongozaji mkuu wa msafara, mtu mzima aliyeitwa Mzee Eliezeri, alimnyooshea kidole katikati ya umati.

"Wewe binti. Njoo."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Wa marehemu Godbless, wa Nkwarungo."

"Umeshawahi kubeba?"

"Nimebeba ndizi na majani ya ng'ombe maisha yangu yote."

Wapagazi waliokuwa karibu wakacheka. Wenyewe hujiita wagumu, na walikuwa wakimpima kwa macho kama atafika hata kambi ya kwanza. Mzee Eliezeri hakucheka.

"Nenda kwenye mizani ukapimiwe mzigo. Ila sikilizeni, na nyie wengine wote," akapaza sauti. "Huku hatubembelezani. Anayechoka aseme sasa hivi, ashuke. Mnawaona hao kwenye uzio? Kila mmoja anaitaka nafasi yako."

Elisifa aliwatazama wale wa kwenye uzio, nao wakamtazama yeye, na akaona kwamba mmoja alikuwa amesoma naye sekondari. Akageuza uso.

Aliyemfundisha kufunga mzigo ni Wenseslaus, kijana mwembamba wa Kibosho aliyekuwa kwenye safari yake ya pili. Wenzake walimwita Wense. Alisomea ufundi wa magari, akakosa karakana ya kumwajiri, akauza mitumba kwa muda, mtaji ukakatika. Baba yake alishafariki, na mdogo wake, Victoria, alikuwa bado shule, akimtegemea yeye kwa ada.

"Usiuweke mzigo mgongoni moja kwa moja," alimwambia. "Utakuvuta nyuma. Kichwani na shingoni, hivi. Ukichoka usikae chini, egemea mti. Ukikaa, miguu inasahau kazi."

Msituni walipanda kwa mvua nyembamba. Njia ilikuwa matope na mizizi, na wageni, watalii wa msafara, walibaki nyuma wakipiga picha za miti yenye ndevu. Elisifa alifika kambini na mzigo wake. Jioni ile Wense alimpigia makofi mbele ya hema la mpishi, akampa kikombe cha chai, akawaambia wengine, "Wa Nkwarungo huyu, mlimdharau." Kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo, Elisifa alijiona ni mtu anayetegemewa na watu wengine.

Siku iliyofuata msitu uliisha, wakatokea kwenye mawe na vichaka vifupi, na ubaridi ukaanza kuuma masikio. Walipokaribia kambi ya Shira, Elisifa alimsikia Wense akikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu aliyepaliwa na unga. Kambini alikohoa wakati wa kusimamisha mahema, akakohoa wakati wa kuteka maji. Alipoinama kuchukua ndoo, alisimama tena kwa shida, mkono kifuani.

Kabla jua halijazama, Mzee Eliezeri na msaidizi wake, Hosea, waliingia kwenye hema la kulia la wageni. Mlango ulikuwa wazi. Elisifa aliwaona wakimbana kila mgeni kifaa kidogo kidoleni, kile kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu, na wakimuuliza kama ana kichwa kinachouma, kama amekula, kama amelala vizuri. Walipomaliza walikirudisha kifaa kwenye mkoba. Hawakuja kwenye hema la wagumu.

Elisifa alimfuata Wense nyuma ya hema la mpishi.

"Wense, unaumwa."

"Mafua tu. Mvua ya jana."

"Hata kusema unasema kwa kuhema."

"Mwanangu, hebu punguza sauti." Alitazama pembeni. "Nisikilize. Safari ile ya kwanza walinichukua kwa bahati, na hii wamenichukua kwa sababu ile sikuharibu. Nikishushwa leo, sitaitwa tena. Si unaijua hiyo foleni ya getini?"

"Naijua."

"Basi niahidi hutamwambia mtu. Kesho tukishavuka kule juu tutashuka kwenye kambi inayofuata, nitapona."

Elisifa hakujua chochote kuhusu mapafu wala mwinuko. Alijua tu foleni ya getini. Akaahidi.

Asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba juu ya mahema. Wense alitoka wa mwisho, midomo imepauka, uso umevimba kidogo chini ya macho. Alijaribu kutania lakini mzaha wake haukufika mwisho. Elisifa akaamua kwamba atasema. Alimsubiri Mzee Eliezeri amalize kuongea na wageni, akamsogelea, akafungua mdomo. Lakini mzee alikuwa anawageukia wagumu wote.

"Haya! Leo ndiyo siku ndefu. Kuna mgonjwa? Kuna aliyechoka? Aseme, ashuke, nipige simu getini waniletee mwingine. Wapo wengi wanasubiri."

Alisema kama anavyosema kila safari, huku akifunga kamba za viatu, pengine bila hata kuyasikia maneno yake mwenyewe. Watu wakatazama chini. Wense alimkazia Elisifa macho. Maneno aliyokuwa nayo mdomoni yakarudi yalikotoka, naye akainua mzigo wake.

Walianza kupanda. Mwanzoni mlima ulionekana mweupe na karibu mno, halafu ukungu ukaja kutoka bondeni, ukafunika kila kitu mpaka mtu akawa haoni zaidi ya mgongo wa aliye mbele yake. Wagumu wenye uzoefu waliwapita mmoja mmoja, hatua za haraka, mizigo vichwani. Wense alikuwa akienda kidogo, anasimama, anaenda kidogo. Elisifa alibaki naye.

Wa mwisho kuwapita alikuwa Fredy, mgumu wa siku nyingi, aliyebeba mitungi ya gesi ya kupikia.

"Mmekaa? Mzee atawaka."

"Fredy, Wense hawezi. Kimbia mbele umwambie mzee arudi."

Fredy alimtazama Wense, kisha akatazama mbele, kule kwenye ukungu. Elisifa aliona usoni mwake hesabu ile ile aliyoipiga yeye mwenyewe jana jioni.

"Nitamwambia," akasema, akaondoka, na nyayo zake hazikusikika tena.

Atasema? Hatasema? Elisifa hakuwa na namna ya kujua. Simu yake haikuwa na mtandao. Aliita kwa nguvu zake zote, na ukungu ukaimeza sauti yake pale pale. Kunguru mkubwa mwenye shingo nyeupe alitua juu ya mwamba jirani, akawatazama, wala hakuondoka.

Wense alikuwa ameketi. Sasa hakukohoa kikavu tena. Kifua chake kilikuwa kinachemka kama sufuria ya uji, kwa kila pumzi, na Elisifa aliisikia akiwa amesimama hatua kadhaa mbali naye. Alipokohoa, alijifuta kwa glovu, na povu lililobaki kwenye glovu lilikuwa la rangi ya waridi.

Elisifa akaanza kulia. Hakuwa na nia ya kulia, machozi yalitoka yenyewe. Aliwaza, atakufa hapa, mikononi mwangu, na mimi nilijua tangu jana. Akawaza mama yake Wense ambaye hajawahi kumwona. Akawaza pia, na baadaye alijichukia kwa hilo, kwamba akiutupa mzigo kazi yake imeisha.

Akautua mzigo. Akaushika mkono wa Wense.

"Simama. Tunarudi chini."

"Mzigo," Wense alisema. "Hema la mgeni."

"Achana na hema."

"Sishuki! Niache!" Alimsukuma kwa nguvu ambayo Elisifa hakuitegemea, akaanguka mwenyewe kwa magoti, akabaki hapo akihema. Halafu akainua uso na kumwita kwa sauti ndogo, ya upole kabisa: "Victoria. Umefunga ng'ombe?"

Hapo ndipo Elisifa alipoogopa kupita alivyowahi kuogopa. Mtu aliyemjua alikuwa ameondoka, na mahali pake palikuwa na mtu mwenye midomo ya bluu anayezungumza na dada aliyeko Kibosho. Aliinama, akamjibu kama anavyojibu dada.

"Nimemfunga, kaka. Twende nyumbani. Mama anatuita."

Wense alisimama.

Walishuka hivyo, mkono wa kijana ukiwa shingoni mwa Elisifa, uzito wake wote ukimwelemea upande mmoja. Mawe yaliteleza. Mara mbili njia ilimpotea, akarudi nyuma kwa kupapasa mpaka akaona rundo la mawe lililowekwa kuwa alama. Kila kifua cha Wense kilipotulia, Elisifa alisimama kusikiliza, na kila kilipoanza tena kuchemka alishukuru kwa sauti, ingawa sauti ile ya kuchemka ndiyo iliyokuwa ikimtisha. Alisali Kichagga, kama bibi yake alivyokuwa akisali, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimemwisha.

Nyuma yao mawe yakaporomoka. Mzee Eliezeri alitokea kwenye ukungu anakimbia, koti wazi, Hosea nyuma yake. Fredy alikuwa amesema.

Mzee alimlaza Wense akiwa ameinuliwa mgongo, akaweka sikio kifuani kwake, na alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umekauka.

"Leta mtungi wa oksijeni."

Hosea alisita. "Bosi, ule ni wa wageni. Na kileleni bado hatujafika."

"Hosea. Leta."

Mzee Eliezeri alikosea kamba alipokuwa anafunga barakoa usoni mwa Wense, akaanza upya. Mtu huyu alikuwa ameupanda mlima mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka mwenyewe. Elisifa alipomwona anakosea kamba, tumaini dogo alilokuwa nalo likamtoka.

"Alianza lini?" mzee aliuliza bila kumtazama.

"Jana. Kabla hatujafika Shira."

"Na hukusema."

"Leo asubuhi nilikuja kusema, baba. Ulikuwa unaongea."

Mzee Eliezeri akambeba Wense mgongoni, kama mtu anavyobeba mtoto, wakashuka.

Kambini Shira, askari wa hifadhi walikuwa na machela yenye gurudumu moja. Walimfunga Wense juu yake, wakaisukuma na kuivuta kwenye uwanda wa mawe mpaka kwenye barabara ya dharura, ambako gari lilisubiri. "Nenda naye," Mzee Eliezeri alimwambia Elisifa. "Asiamke kati ya watu asiowajua." Yeye alirudi juu kwa wageni, na Elisifa alimwona akitembea taratibu, kichwa chini, mpaka ukungu ukamchukua.

Njia ya kushuka ilikuwa mbovu na ndefu. Elisifa alikaa nyuma, akishika barakoa isitoke. Kadiri walivyoshuka, ndivyo ile sauti ya kuchemka ilivyopungua, kidogo kidogo, na kila mara aliogopa kwamba haipungui bali inaisha. Pale Sanya Juu ilikuwa siku ya soko. Gari lilipenya kati ya watu wenye mbuzi na magunia ya viazi, dereva akipiga honi, na mama mmoja mwenye kikapu aliinama kuchungulia dirishani, akaona, akaweka mkono mdomoni. Wense akafungua macho.

"Tuko wapi?"

"Sanya Juu."

"Mzigo wangu yuko nao nani?"

Elisifa akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka dereva akageuka kuangalia kuna nini.

Hospitalini Moshi daktari alieleza kwamba mapafu yalikuwa yamejaa maji kwa sababu ya mwinuko, na kwamba dawa ya kwanza ni kushushwa, ya pili ni hewa. Atapona. Ila mwili wake umeonyesha kwamba hauwezi kule juu, akipanda tena yanaweza kumrudia, na safari nyingine huenda asiwahi kushushwa. Alisema hayo mbele ya Wense mwenyewe. Wense aligeukia ukutani.

Wense aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Elisifa alikwenda Kibosho kumwona. Mama Wense alimpokea kwenye njia ya migomba, akamkumbatia, akamwingiza ndani. Wense alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini.

"Umekuja kuangalia kazi yako?" alisema.

"Wense!" mama yake akamkemea.

"Muache aseme, mama," Elisifa alisema.

"Nilikuomba kitu kimoja tu. Ningefika kambini ningepumzika. Sasa kila kampuni Moshi inajua Wense ni mgonjwa. Victoria anarudi shule kwa ada gani, kwa povu?"

Elisifa alikuwa amejiandaa kulaumiwa kwa kunyamaza, si kwa kusema. Mama Wense akaleta mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, Elisifa akaula wote.

Walikuwa bado mezani mbwa alipobweka. Mzee Eliezeri alikuwa amesimama uani, amevaa koti lake la Jumapili, na mkononi ameshika jani la isale. Mama Wense aliliona akiwa mlangoni, akasimama. Kwa Wachagga mtu haji na jani lile nyumbani kwako kwa matembezi. Anakuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia.

"Mama Wense," mzee alisema, "maneno yangu ndiyo yaliyomfunga mdomo mwanao. Kila safari nawatishia kwa watu wa getini. Nilitishiwa hivyo na mimi nikiwa kijana. Nilidhani ndiyo namna ya kuwafanya waende."

Mama Wense hakunyoosha mkono.

"Wewe una watoto?"

"Ninao."

"Wanabeba mizigo mlimani?"

Mzee Eliezeri alitazama jani mkononi mwake. "Hapana. Niliwakataza."

Kuku walikuwa wakiparura chini ya mibuni. Elisifa alitamani ardhi ipasuke. Kisha Mama Wense akalichukua lile jani, akaliweka juu ya kabati ndani, akavuta kiti.

"Kaa. Kuna mtori."

Wense alimtazama mzee akila. Hatimaye akauliza, bila hasira sasa, kama mtu anayeuliza njia: "Nitafanya kazi gani, mzee?"

Mzee Eliezeri aliweka kijiko chini. "Sijui, mwanangu," alisema. "Nitauliza."

Aliuliza kweli. Ilichukua muda, na kilichopatikana hakikuwa kikubwa: karakana moja barabara ya Kwa Sadala ilimchukua Wense kama kibarua, aoshe injini na kukabidhi spana, hadi hapo fundi atakapomwamini. Baadaye fundi akamwachia breki za magari madogo. Elisifa alipopita siku moja, Wense alitoka chini ya gari, uso mweusi kwa grisi, akampa kiwiko badala ya mkono. Hakusema ahsante, wala Elisifa hakuisubiri. Waliongea habari za Victoria, aliyekuwa amerudi shule.

Na mlimani, Mzee Eliezeri alianza kupita kwenye hema la wagumu jioni na kile kifaa cha kidoleni. Aliwaambia kwamba atakayeshushwa kwa ugonjwa, nafasi yake itamsubiri safari inayofuata. Wengine walimwamini, wengine waliendelea kukohoa ndani ya mablanketi. Getini umati haukupungua.

Elisifa aliitwa tena. Asubuhi ya kuondoka mama yake alimkuta jikoni akiwa amekaa tu, buti miguuni, hajazifunga kamba.

"Unaogopa?"

"Naogopa, mama."

"Basi usiende."

"Na nikikaa hapa naogopa pia."

Mama yake akafunua sufuria, akatoa viazi vitamu vilivyokuwa bado vinafuka mvuke, akavifunga kwenye jani la mgomba. Akampa. Halafu akapiga magoti sakafuni, kwa taabu ya mgongo wake, akaanza kumfunga kamba za buti.